Kuta za Mkulima na Paa la Serikali: Khabari za Nyumba Kutoka Ufipa



Kila mavuno yakimalizika na karafuu zikishapimwa, maneno ya barazani huwa ni ya nyumba. Nani amepandisha kuta, nani ameezeka, nani amebaki na msingi wa mwaka juzi ulioota majani. Na hakosekani mtu wa kusema, "Serikali ina fedha za nyumba, mbona sisi hatuzioni?"

Swali hilo ni zito, nasi tumeona vyema kulitafutia jawabu mbali kidogo na kwetu, kwa kuwa mtu huyaona vizuri zaidi mambo ya jirani kuliko ya nyumbani kwake. Mahali tulipopachagua ni Sumbawanga na uwanda wa Ufipa, katika mkoa wa Rukwa. Msomaji atasema, "Huko hakuna mkarafuu hata mmoja." Ni kweli, baridi yake haiukubali. Lakini yuko mkulima anayejenga nyumba kwa fedha za mavuno, kama sisi, na yaliyompata katika khabari ya fedha za Serikali yatufaa sana kuyajua.

NCHI YENYEWE

Ufipa ni nchi ya juu, upande wa kusini-magharibi ya Tanzania Bara, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, nao ni makao makuu ya mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974. Wenyewe husema kuwa maana ya jina hilo ni "tupa uchawi". Mji umekaa kiasi cha mita 1,700 hata 1,800 juu ya bahari, na katika miezi ya Juni na Julai upepo wake humfanya mtu wa pwani aone haja ya blanketi hata mchana. Sehemu kubwa ya uwanda ni majani matupu. Miti ni haba, isipokuwa mahali kama msitu wa Mbizi ulio karibu na mji.

Wafipa ni wakulima hodari. Tangu zamani walilima kwa matuta ya mviringo, majani yakifukiwa ndani yaoze yawe mbolea. Leo Rukwa ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Basi Mfipa na mkulima wa karafuu wanafanana kwa jambo moja kubwa: fedha huwajia kwa msimu, haziwajii kwa mwezi. Mwanachama alishike neno hili, maana ndilo shina la khabari yote inayofuata.

TOFALI HUTANGULIA FEDHA

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kumalizika Aprili. Mahindi huvunwa kuanzia mwezi wa Mei, na baada yake huja miezi mikavu hata Oktoba. Miezi hiyo ndiyo ya kujenga. Mtu huchimba udongo mzuri, khasa wa kichuguu, akaumwagia maji, akaukanyaga, akaupiga tofali kwa kibao. Matofali huanikwa na kufunikwa kwa majani yasipasuke kwa jua. Yakikauka hupangwa yakawa tanuru lenye matundu chini, likakandikwa udongo nje, na moto ukawashwa siku kadhaa usiku na mchana.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mikono, jirani na kuni. Ndiyo maana mtu asiye na shilingi benki aweza kuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma iliyosimama hata juu ya madirisha. Udongo ni wake, nguvu ni zake, na fundi hulipwa kidogo kidogo, pengine kwa gunia la mahindi.

Lakini kuta zikifika kwenye lenta, mambo hubadilika. Saruji haichimbwi kichuguuni. Bati halipigwi kwa kibao. Mbao za kenchi, misumari, kofia za bati, milango na madirisha, vyote hivyo hununuliwa dukani kwa fedha taslimu, tena kwa mkupuo mmoja, kwa sababu huwezi kuezeka nusu ya chumba ukasubiri mwaka ujao. Hapo ndipo nyumba nyingi husimama. Mvua za Novemba huja, na kuta zilizojengwa kwa udongo katikati ya matofali huanza kulika kwa juu. Mwaka wa pili mwenye nyumba hurudia mistari ya juu kabla hata hajafikiria bati.

Yapo pia madhara mengine. Kuchoma matofali kunakula kuni, na katika nchi yenye miti haba kila tanuru ni hasara kwa msitu. Jambo hili nasi tunalijua, maana tanuu za chokaa zimekula miti ya visiwa hivi miaka mingi.

Kwa hiyo yeyote atakaye kumsaidia mkulima wa Ufipa apate nyumba, hana haja ya kumjengea kuta. Ampe paa. Tuone sasa kama fedha za Serikali zilikwenda huko.

FEDHA ZA SERIKALI ZILIPITA WAPI

Tanganyika ilipopata uhuru, moja ya mambo ya kwanza ilikuwa kuunda Shirika la Nyumba la Taifa, kwa sheria ya mwaka 1962. Kazi yake ya mwanzo ilionekana zaidi Dar es Salaam, katika mitaa kama Magomeni, ambako nyumba mbovu zilibomolewa na nyingine mpya zikajengwa mahali pake. Ilikuwa kazi njema, lakini ilikuwa kazi ya mjini.

Mwaka 1973 ikaanza Benki ya Nyumba Tanzania. Mwaka uliofuata, 1974, ukaanzishwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliosimamiwa na benki hiyo, na fedha zake zikitoka katika kodi waliyotozwa waajiri. Jina la mfuko lilimtaja mkulima wazi wazi. Mwaka huohuo wa 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mpango wa kupima viwanja na kuvitilia maji na barabara, kisha watu wakavijenga wenyewe. Mpango huo ulianzia Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Wenye kuijua Sinza na Kijitonyama wanaijua kazi yake.

Mbeya ni jirani wa Ufipa, lakini mpango haukupanda mpaka Sumbawanga. Na mfuko wa wakulima, ingawa mikopo ya vijijini ilikuwamo katika shabaha zake, sehemu kubwa ya mikopo ya nyumba ilikwenda mijini. Mtu hana haja ya kutafuta hila ya mtu fulani ili aelewe kwa nini. Benki ilitaka ramani ya nyumba, hati ya kiwanja na malipo ya kila mwezi. Mfanyakazi wa ofisini alikuwa na vyote vitatu. Mkulima wa kijijini hakuwa na kimoja. Mlango uliandikwa jina lake, lakini kitasa kilikuwa juu kuliko mkono wake.

Tena wengi waliokopa hawakulipa. Mikopo mibaya ikawa mingi, na mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafungwa. Kwa miaka iliyofuata, mtu aliyetaka mkopo wa muda mrefu wa kujengea nyumba Tanzania hakuwa na pa kwenda.

Mambo yalianza kurudi baada ya sheria mpya ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008. Mwaka 2010 ukaja mradi wa fedha za nyumba, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 40. Kwa mradi huo ikaanzishwa kampuni ya kuyakopesha mabenki fedha za muda mrefu, ijulikanayo kwa herufi TMRC, ili mabenki nayo yaweze kumkopesha mtu kwa miaka kumi na tano au ishirini. Na chini ya Benki Kuu ukawekwa mfuko wa mikopo midogo ya nyumba, ambao nao hupitia katika mabenki na vyama vya kukopesha, kwa ajili ya watu wa kipato kidogo wanaojenga hatua kwa hatua. Mfuko huu wa pili, kwa fikira, ndio ulio karibu zaidi na mtu wa Ufipa, na karibu zaidi nasi.

Pamoja na hayo, katika miaka ya 2010 Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga nyumba za bei nafuu mikoani, na Mpanda, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa mpaka ulipoundwa mkoa wa Katavi mwaka 2012, ilikuwa miongoni mwa miji iliyopata. Nyumba zilikuwa nzuri. Lakini bei yake ilikuwa ya makumi ya mamilioni ya shilingi, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, shilingi 18 kwa kila mia. Neno "nafuu" lilikuwa la kweli kwa mtumishi mwenye mshahara. Kwa mtu wa magunia arubaini ya mahindi lilikuwa neno tu.

Mpaka miaka hii ya 2020, mikopo ya nyumba katika mabenki yote ya Tanzania huhesabika kwa elfu chache tu, katika nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 61 mwaka 2022. Nyumba nyingine zote, za Ufipa na za kwetu, zimejengwa kwa njia ileile ya zamani: tofali kwa tofali, bati kwa bati.

MAMBO MAWILI YALIYOFAA

Isidhaniwe kuwa hakuna fedha ya Serikali iliyomsaidia Mfipa kujenga. Ipo, ila haikuja kwa jina la nyumba.

Kwanza ni barabara. Kutoka Tunduma hata Sumbawanga ni kilometa kama 220, kupitia Laela na Mpui. Zamani ilikuwa njia ya vumbi, na wakati wa mvua ilikuwa tope la kunasa malori. Kwa msaada wa Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008, kazi ya lami ilianza, na katika miaka ya 2010 lami ikafika. Kiwanda cha saruji cha karibu kiko Songwe, upande wa Mbeya, na mabati hutoka mbali zaidi. Lori likifika kwa siku moja badala ya siku tatu, nauli ya kila mfuko hupungua, na mahindi nayo hutoka kwa bei iliyo bora. Hakuna aliyeiandika barabara hiyo katika hesabu ya fedha za nyumba, lakini mwenye kuta zisizo na paa aliufahamu upesi msaada wake.

Pili ni desturi ya maboma. Kwa miaka mingi, Bara, wanakijiji wakitaka darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu, huchanga nguvu zao. Hukusanya mawe na mchanga, hufyatua matofali, huinua kuta. Jengo likifika kwenye lenta huitwa "boma", na hapo Halmashauri au Serikali Kuu huleta fedha za kuezeka na kumalizia. Mipango mikubwa ya elimu na ya afya ya msingi ya miaka ya 2000 iliitegemea sana desturi hiyo. Ina kasoro zake: mara nyingine kuta hungoja paa miaka mingi, na wanakijiji wakavunjika moyo. Lakini hesabu yake ni ya busara. Mwananchi anatoa alichonacho, ambacho ni nguvu. Serikali inatoa asichonacho, ambacho ni fedha ya vifaa vya dukani.

Ajabu ni kwamba hesabu hiyo inayotumika kwa nyumba ya mwalimu haikutumika kwa nyumba ya mkulima aliyebeba matofali yake.

Tukumbuke pia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000 na unaofanya kazi Bara na Visiwani. Ruzuku yake kwa kaya maskini si fedha ya nyumba. Hata hivyo wengi wa wanaoipokea wamejibana wakanunua bati mojamoja mpaka wakaezeka. Watu hao hawakusubiri kuambiwa. Walijua wenyewe kuwa fedha kidogo hufaa zaidi juu ya kuta kuliko chini yake.

WALIOFANYA HIVYO ZAMANI

Fikira ya kumkopesha mkulima paa si mpya. Katikati ya miaka ya 1950, Ghana ilipokuwa bado ikiitwa Gold Coast, Umoja wa Mataifa ulipeleka wataalamu watatu kuitazama hali ya nyumba: Charles Abrams, Otto Koenigsberger na Vladimir Bodiansky. Ghana ni nchi ya wakulima wa kakao, watu wa zao la biashara kama sisi. Wataalamu hao waliona kuwa mwananchi aweza kujijengea kuta za udongo mwenyewe, lakini hukwama kwenye paa, milango na madirisha, kwa sababu hivyo hutaka fedha ya pamoja.

Wakashauri Serikali isijenge nyumba nzima kwa watu wachache, bali itoe mikopo ya paa kwa watu wengi. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleweka. Mkopaji awe mwanachama wa chama cha nyumba cha kijiji chake. Awe amekwisha kuinua kuta zake. Wanachama wenzake wamdhamini. Mpango huo haukuwa dawa ya kila ugonjwa, na uliwafikia watu wachache kuliko waliouhitaji. Lakini ulianza mahali pa kweli: pale mkulima anapokwama, wala si pale ofisi inapopenda kuanza.

SISI NA KARAFUU ZETU

Sasa turudi kisiwani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar ilijenga majumba ya ghorofa Kikwajuni na Michenzani, na kwetu Pemba yakajengwa Wete, Chake na Mkoani. Shirika la Nyumba Zanzibar lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Ifahamike kuwa mambo ya nyumba si ya Muungano. Kwa hiyo Shirika la Nyumba la Taifa la Bara si letu, na anayetaka kupeleka ombi la nyumba ya serikali hana budi kuelekea Zanzibar. Lakini Benki Kuu ni ya Muungano, na mfuko wake wa mikopo midogo ya nyumba haukuwekewa mpaka wa bahari.

Je, mkulima wa karafuu aweza kuingia katika mlango uliomshinda Mfipa? Kwa hali ilivyo, vikwazo vyetu ni vilevile, na vyetu vimezidi kwa viwili.

Cha kwanza ni zao lenyewe. Mahindi hutoka kila mwaka, mengi au machache. Mkarafuu hauna ahadi hiyo. Huzaa sana mwaka mmoja, ukapumzika mwaka wa pili, na pengine wa tatu pia. Mtu aliyeahidi kulipa kila mwezi kwa kutazama mavuno ya mwaka mkubwa, atajikuta mwaka mdogo akiuza mbuzi, kisha baiskeli, kisha mabati yaleyale aliyoyakopea.

Cha pili ni ardhi. Eka tatu zilizogawiwa tangu mwaka 1965 zilitolewa kwa matumizi ya aliyepewa. Si mali ya kuuzwa wala kuwekwa rehani atakavyo. Wengine wana miti lakini ardhi chini yake si yao. Mwenye kukopesha akitaka hati, wengi wetu hatuna ya kumpa.

Na pengine ni kheri. Wazee wanakumbuka waliyosimuliwa na baba zao. Katika miaka ya 1920 na 1930, wakulima wengi wa karafuu walikuwa wamezama katika madeni, mashamba na mavuno yakiwekwa rehani kabla hata kishada hakijatoka. Hali ikawa mbaya hata Serikali ya wakati ule, mwaka 1934, ikapitisha amri za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji. Chama cha kwanza cha wakulima wa karafuu, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1927, kilikua katika taabu hiyo. Basi tukisema leo kwamba shamba lisiwekwe rehani kwa ajili ya nyumba, si kwa woga. Ni kwa kukumbuka. Nyumba haizai karafuu. Karafuu ndizo huzaa nyumba.

Lakini tusiseme vilevile kuwa paa ni anasa. Mwanachama anajua kuwa karafuu zikipata mvua zikiwa juu ya jamvi, au zikirundikwa kabla hazijakauka, hugeuka mpeta, na mpeta hauna bei. Nyumba iliyoezekwa vizuri ni ghala. Mwenye paa linalovuja hupoteza mara mbili: hulala kwenye maji, na huuza kwa daraja la chini.

Liko na jambo la riba, ambalo wanachama wengi wanaliepuka kwa dini yao. Benki ya Watu wa Zanzibar ilianza huduma za kufuata sheria ya Kiislamu mwaka 2011. Katika biashara ya namna ya murabaha, benki hununua kitu chenyewe, ikamuuzia mteja kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, naye akalipa kwa mafungu. Tazameni jinsi njia hiyo inavyolingana na mkopo wa paa: kinachotolewa ni mabati na mbao, wala si fedha ya kuzurura mfukoni, na deni halikui kila mwezi.

Yafaa basi matawi yetu yazungumze mambo matatu, na yakikubaliwa, chama kiyapeleke Serikalini na kwenye mabenki kwa sauti moja.

La kwanza: sehemu ya fedha za nyumba zilizokusudiwa watu wa kipato kidogo itolewe kwa ajili ya paa, kwa mtu aliyekwisha kufikisha kuta kwenye lenta, tena itolewe kwa vifaa.

La pili: malipo yafuate mizani ya karafuu. Mkulima alipe zaidi mwaka mkubwa na kidogo mwaka mdogo, kwa mapatano yaliyoandikwa tangu siku ya kwanza.

La tatu: dhamana iwe ni kikundi cha wanachama wanaojuana, kwa idhini ya Sheha, wala isiwe shamba. Hapa tuambizane ukweli. Benki ya Nyumba ilikufa kwa sababu, pamoja na mengine, waliokopa hawakulipa. Tukiomba mlango ufunguliwe, ni wajibu wetu kuwa watu wa kulipa. Mtu mmoja asiyelipa katika kikundi cha watu kumi huwafungia mlango tisa waliobaki.

WAKATI TUNASUBIRI

Serikali hazina haraka, na mvua hazisubiri. Kwa hiyo yapo ya kufanya sasa.

Mwenye kujenga na ajenge kwa hatua zisizoharibika. Asiinue vyumba vinne visivyo na paa. Ainue viwili aviezeke, kisha aongeze. Wafipa wengi wamejifunza hili kwa hasara.

Vikundi vya ujirani na vitazame tofali la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umelieneza Bara. Hutengenezwa kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono, likawekwa kivulini na kumwagiwa maji mpaka likomae. Halichomwi, kwa hiyo halili kuni, na ukuta wake hutumia udongo wa kuunganishia kidogo sana au hapana kabisa. Si kila udongo unafaa, hupimwa kwanza. Lakini mashine moja yaweza kutumiwa na kijiji kizima.

Na mwanachama yeyote atakayeitwa kukopa fedha ya nyumba, kabla hajatia saini wala dole gumba, aulize maswali manne. Faida mnayotaka ni ya mwezi au ya mwaka? Inahesabiwa juu ya fedha yote, au juu ya deni lililobaki? Mnashika nini mkononi nikishindwa? Na mwaka wa karafuu chache itakuwaje?

Swali la kwanza ni dogo kwa maneno, lakini si kwa shilingi. Tuseme mtu amekopa 2,000,000. Akiambiwa 3 kwa mia, naye akadhani ni kwa mwaka, atahesabu faida ya 60,000 basi. Kumbe ni kwa mwezi: 60,000 mara miezi kumi na miwili ni 720,000, na ile 2,000,000 bado inadaiwa yote. Bati moja kati ya kila manne, na zaidi, limekwenda kwa mkopeshaji kabla nyumba haijapata mlango.

Mfipa wa Laela na mkulima wa Mtambwe hawajapata kuonana, na mmoja hulala kwa blanketi wakati mwingine anatafuta upepo. Lakini wote wawili wamesimamisha kuta zao kwa jasho lao, na wote wawili wanatazama juu. Hawaombi kujengewa. Wanaomba fedha iliyotengwa kwa jina lao iwafikie mahali walipokwama, kwa masharti yanayolijua zao lao.

Tunawaomba makatibu wa matawi wayasome maneno haya kwa sauti mkutanoni, kwa ajili ya wasioweza kusoma, na watuletee majibu ya wanachama, ya kukubali na ya kukataa, kabla uchumaji wa vuli haujaanza. Baada ya hapo kila mtu atakuwa juu ya mti, na hapana atakayekuwa na nafasi ya mkutano.